Mawese kwenye Taloni: Miaka Yangu ya Matairi, Butembo na Beni

Nimerudisha funguo za karakana wiki tatu zilizopita, na bado nikitembea barabarani macho yangu yanaangalia magurudumu kabla ya kuangalia watu. Mke wangu analalamika kwamba nawasalimia jirani zetu wakiwa wamekwisha kunipita. Nyinyi vijana mliobaki pale mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nimekubali, lakini msitafute humu nani alinipandisha cheo na nani alininyima, kwa sababu habari hizo hazijawahi kujaza upepo tairi hata moja. Nitaandika juu ya taloni, na juu ya mwanamke mmoja aliyenifundisha kazi ambayo nilidhani naijua.

Taloni, kwa yule atakayesoma hapa bila kuwahi kushika chuma, ni ule ukingo mnene wa tairi, wenye waya ndani, unaokaa na kubana kwenye rimu. Watu wengi huangalia meno ya tairi. Kwado, kama tunavyomwita fundi wa matairi kwetu, huangalia taloni. Meno yakiisha gari linateleza, na dereva anapata muda wa kumwomba Mungu. Taloni ikiachia rimu, muda huo haupo.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na minne, mtu mwenye mke na shamba la maharage. Aliyenipokea ni Muze Kakule, ambaye karakana yake ilikuwa mteremkoni chini ya soko la Butembo. Asubuhi ya kwanza aliita "Kambale", tukaitika watano. Kwetu Wanande jina linafuata mpangilio wa kuzaliwa, na nyumba nyingi zimejaliwa mtoto wa kiume wa pili. Muze Kakule alitutazama wote, akaninyooshea kidole.

"Ule mupya," akasema. "Kuya."

Nikamwendea, nikaitwa Mupya kwa miaka saba, hata walipokuja wapya kuliko mimi.

Somo lake la kwanza halikuwa la kufungua tairi. Alinipeleka chini ya paa na kunionyesha tundu kwenye bati, pana kama sahani. Pete ya rimu ya lori ilipita hapo, akasema, na kabla ya kufika kwenye bati ilimpita mtu. Hakuniambia jina la mtu huyo na mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo sijasimama mbele ya tairi linalojazwa. Nasimama pembeni, upande wa meno, na mpira wa upepo uwe mrefu kuliko woga wangu.

Somo la pili lilikuwa la masikio. Taloni inapokaa vizuri kwenye rimu hutoa mlio, upande mmoja kisha wa pili. "Pneu inasema mara mbili," Muze Kakule aliniambia, pneu kwetu ikiwa ni tairi. "Kama imesema mara moja tu, haiyamaliza kuongea. Hapana kuilazimisha. Toa upepo, pakala tena, anza upya." Hakuruhusu mtu apite upepo wa bar mbili na nusu wakati wa kukalisha taloni, hata kama mwenye gari alikuwa mkubwa wa jeshi na ana haraka. Nilimwona akimwambia mkubwa mmoja wa jeshi akae kwenye benchi, na mkubwa akakaa. Nilimpenda Muze Kakule kwa mambo mengi, lakini kwa lile nilimheshimu.

Kupakala ndiko ninakotaka mkuangalie. Tairi kavu halipandi kwenye rimu. Lazima taloni ilainishwe ili iteleze na kukaa mahali pake. Muze Kakule alitumia mawese, mafuta yetu mekundu yanayopanda kutoka mabonde ya Beni. Aliyaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na burashi ya nyuzi za mgomba. Mawese yalikuwepo daima, hayakummaliza mtu mfukoni, na ukikosa la kufanya uliweza kuyapikia maharage. Matairi ya malori yalipanda kwa mawese kama mtu anayevaa kiatu alichokizoea. Sikuona kosa lolote, na kwa malori kweli halikuwepo kubwa, kwa sababu rimu zao zina pete inayoibana taloni na upepo wao ni mkali.

Muze Kakule alikufa kwa ugonjwa mwaka ambao vita ya kwanza ilipita kwetu. Aliniachia vyuma vyake vya kufungulia tairi, pistoni kuukuu aliyotumia kuchoma viraka, na lile kopo. Nililishika kopo lile kana kwamba ni urithi wa nyumba.

Vita ya pili ilipokuja na kukaa, barabara ya Butembo na Beni ilianza kufa. Hakukuwa na serikali ya kuitengeneza, maana wenyewe tulikuwa hatujui vizuri serikali iko wapi. Udongo uliporomoka karibu na Kalunguta, malori yakazama hadi kwenye mihimili, na wagonjwa wakabebwa kwa machela kupita malori. Wafanyabiashara wa Butembo wakaunda komite ya barabara. Watu wetu husemwa kwamba hawawezi kukaa bila kuuza kitu, na ni kweli, lakini watu hao hao walipanga zamu za jembe bila kusubiri mtu wa nje. Walipata pia trekta kutoka shamba la kahawa ambalo mwenyewe alikuwa amelikimbia. Mbele lilifungwa godet, ndoo pana ya chuma ya kuchotea changarawe. Walihitaji kwado wa kulitunza, wakanichukua mimi.

Nilifika na kiburi cha malori, na trekta likaanza kunivua kidogo kidogo. Lori hubeba mzigo mgongoni. Trekta lenye godet hubeba mzigo puani, na matairi ya mbele ndiyo yanayoumia. Wiki ya kwanza dereva wetu, bwana mmoja mwenye mikono mizito, alijaza godet, akainua juu kama anayeonyesha watu, kisha akazungusha usukani trekta likiwa limesimama. Taloni ya mbele kulia ikatoka kwenye rimu upande mmoja, mawe madogo yakaingia ndani, na mpira wa ndani ukasagika. Hapo nilijifunza mambo ambayo nyinyi mmeyakuta yameandikwa ukutani. Matairi ya mbele yajazwe upepo zaidi siku ya godet kuliko siku ya kulima. Nyuma pawekwe uzito; sisi tulimwaga saruji kwenye sanduku la mbao na kulifunga nyuma. Godet iliyojaa itembee chini, karibu na ardhi, na usukani uzungushwe magurudumu yakiwa yanatembea.

Yule bwana hakupenda kuambiwa. Alienda zake kutafuta dhahabu, na kwenye kiti chake akaja Mama Masika.

Alikuwa mwalimu wa darasa la tano Kalunguta, na shule yake ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi. Marehemu mume wake aliwahi kuendesha trekta lile lile kwenye shamba la kahawa, naye alijifunza kando yake wakati wa likizo, kwa utani, mpaka utani ukawa ujuzi. Sasa alikuwa na watoto wanne na mama mkwe wa kulisha, na kazi aliyoipata ni hiyo moja. Komite ilimchukua kwa sababu siku ile hapakuwa na mwingine aliyejua kushika godet. Baada ya wiki mbili walikuwepo wanaume watatu waliodai kwamba wanajua, na walikuja kila asubuhi kusimama kando ya barabara wakiangalia kiti. Yeye Mprotestanti, mimi Mkatoliki. Hilo peke yake lingeweza kutupatia mabishano ya mwaka mzima, lakini tulikuwa na matairi.

Nitasema alichofanya siku yake ya tatu, kwa sababu hadi leo sijaona mwingine akikifanya vile. Taloni ya gurudumu la akiba la mbele ilikuwa imeshikana na rimu kwa kutu. Nilipiga nyundo asubuhi nzima, taloni haikusogea. Mama Masika alikuja akatazama, akasema nililaze gurudumu chini na kusogea mbali. Akapanda, akaleta godet, akaishusha taratibu mpaka makali yake yakagusa ubavu wa tairi, upana wa kidole kutoka kwenye rimu, akakandamiza. Taloni ikaachia. Rimu haikupata hata mkwaruzo. Alishuka akajipangusa mikono kwenye kitenge, akauliza kama kuna lingine. Nilimjibu hapana, kwa sauti ya mtu ambaye angependa liwepo.

Halafu kulikuwa na chaki. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alizunguka magurudumu yote manne na kipande cha chaki ya shule. Kwenye kila moja alichora mstari mmoja ulioanzia kwenye rimu, karibu na valvu, ukapanda hadi kwenye ubavu wa tairi. Jioni alizunguka tena na kuangalia. Nilimuuliza ni nini. Akasema, "Naita majina, Papa. Asubui banaitika, mangaribi naangalia kama iko mwenye alitoroka." Nilicheka, nikaona ni mazoea ya mwalimu aliyekosa darasa.

Wafanyakazi wengine hawakucheka. Mnajua miaka ile ilivyokuwa: vijana wa vijijini waliingia vitani wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate, na kila alama mwilini ilikuwa na maana. Ikaenea habari kwamba mistari ile ni dawa ya trekta. Mmoja wa wachimba mitaro alimwomba achorewe na yeye kwenye paji la uso. Kwenye kizuizi kimoja karibu na Kalunguta askari alizunguka trekta lote, akasimama mbele ya mstari mweupe.

"Mama, oyo nini? Dawa?"

"Ni craie, chef. Nilikuwa mwalimu," akasema, akamwonyesha kile kipande cha chaki.

Askari akafikiri. Kisha akanyoosha bunduki yake upande wa kitako. "Basi chora na hii."

"Bunduki haiko na pneu, chef," Mama Masika akamjibu kwa upole, kama anayemrudishia mwanafunzi daftari. Askari akacheka, akainua mti wa kizuizi, tukapita.

Sasa nifike kwenye gurudumu la nyuma la kushoto.

Tairi lake lilikuwa limechoka, tukapata jingine lililotumika, likapitia Kasindi kutoka Uganda. Nililifunga mimi mwenyewe. Nilisugua rimu kidogo, si sana. Nikalifungua kopo la Muze Kakule nikapakala mawese kwa ukarimu, maana tairi lilikuwa gumu. Mama Masika alisimama pale.

"Papa Kambale, nyiye hamutumiake sabuni? Bwana yangu alikuwa anaweka maji ya sabuni tu."

Nilimwambia kwamba sabuni ya Butembo inapikwa kwa mawese, kwa hiyo mimi namtumia mama na yeye ananiletea mtoto. Wafanyakazi wakacheka. Nililipenda jibu langu, nililirudia nyumbani.

Siku ya sita, trekta likisukuma godet kwenye rundo la changarawe, gurudumu lile likaishiwa upepo ghafla. Nilipofungua nikakuta valvu imeng'oka kutoka kwenye mpira wa ndani. Mipira ya trekta haikupatikana. Nilikata valvu na kitako chake kutoka kwenye mpira mfu, nikaibandika, nikaweka pistoni juu na mafuta ya taa yakiwaka ndani yake mpaka kiraka kikashika. Kazi nzuri, wote walisema. Nikafunga tena, kwa mawese tena. Siku tano baadaye valvu ikang'oka tena. Nikasema mbele za watu kwamba mama anaingia kwenye rundo kwa nguvu mno. Yeye alisema anaingia kwa gia ya kwanza, na kwamba kila mtu anaweza kuja kuona. Wale wanaume watatu wakasema godet si jungu. Sikuwanyamazisha. Nilikuwa mtu pekee pale ambaye wangemsikiliza, na sikuwanyamazisha.

Mara ya tatu ilikuwa mbaya. Trekta lilikuwa katikati ya barabara, mahali pembamba chini ya poromoko, godet imejaa, gurudumu likakaa chini. Malori yakasimama pande zote mbili. Upande wa Beni kulikuwa na gari la wachuuzi wa samaki waliotoka Kyavinyonge alfajiri, wanawake wanane na mabeseni ya tilapia, na jua lilikuwa linapanda. Mpaka tulipofaulu kulisogeza trekta kwa kamba na watu, samaki walikuwa wanasikika kwa harufu kabla ya kuonekana. Wanawake wale walimlaani Mama Masika kwa jina. Papa Mumbere, muuzaji wa mabati aliyekuwa président wa komite, alikuja kwa pikipiki, akatazama, akasema kesho asubuhi komite itakaa hapo hapo barabarani na kuamua kuhusu kiti. Hakusema kuhusu nini kingine. Kila mtu alielewa kwamba mama amekwisha.

Watu walipotawanyika Mama Masika aliniita kwa mkono.

"Papa Kambale, kuya usome."

Nikainama. Kwenye rimu mstari wa chaki ulikuwa pale alipouchora asubuhi, karibu na valvu. Kwenye tairi mstari ulikuwa umeenda mbali, zaidi ya kiganja kizima. Mara mbili zilizotangulia matope yalikuwa yameufuta kabla haujaangaliwa. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Kama kosa lingekuwa la usukani, taloni ingetoka kwa pembeni na mstari ungebaki umenyooka. Kama ingekuwa ni kukosa upepo, upepo niliupima mimi asubuhi ile. Rimu ilikuwa imezunguka ndani ya tairi. Kila godet ilipoingia kwenye rundo, injini ilizungusha rimu, tairi likabaki nyuma kidogo, na mpira wa ndani ukaenda na tairi huku valvu imeshikwa na tundu la rimu, mpaka ikang'oka. Na rimu huzunguka ndani ya tairi pale tu ambapo kitu kimekataa kukauka kati yao.

Maji ya sabuni hukauka na kuacha taloni imeng'ang'ania. Mawese hayakauki. Nilijua hilo tangu utoto, kila mwenye shati lenye doa la mawese analijua, na sikuwahi kulifikiria mbele ya gurudumu.

Nilisikia watu wawili wa komite wanarudi kuelekea kwetu. Nikachukua kitambaa begani, nikapangusa ubavu wa tairi, kama fundi anayeondoa matope. Mara moja tu ya mkono, na mstari ukaisha.

Mama Masika aliangalia kitambaa, akaniangalia mimi, akarudisha chaki mfukoni.

"Wasingya, Papa," akasema.

Ni asante ya Kinande. Sijawahi kutukanwa vibaya kuliko vile. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimekasirika na kila mtu: Muze Kakule kwa kopo lake, marehemu mume wa mama kwa sabuni yake, hata samaki. Nilikuwa na aibu, na aibu kwangu hupenda kuvaa koti la hasira. Nilijua vizuri kilichokuwa kinangojea. Nikinyamaza, mama mwenye watoto wanne atashushwa kwenye kiti, na mimi nitabaki fundi. Nikisema, nitakuwa kwado aliyevunja trekta mara tatu na kuficha, na nitakuwa nimemwita Muze Kakule mjinga mbele ya watu waliomzika.

Asubuhi komite ilikaa kwenye mawe kando ya barabara. Wale wanaume watatu walikuwepo, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Wachuuzi wawili wa samaki walikuwa wamelala Kalunguta ili waseme yao. Mama Masika alisimama peke yake karibu na trekta, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kengele. Papa Mumbere hakupoteza muda.

"Donc, Kambale. Wewe njo kwado. Batu banasema mama anaendesha mubaya. Sema mbele ya wote: ni mama ao ni pneu?"

Nilimtazama Mama Masika nikitumaini ataanza yeye, anishtaki, ili nipate wa kubishana naye. Hakunisaidia. Alikuwa anatazama barabara.

Nikasema wanipe muda kidogo. Gurudumu lilikuwa limekwisha kuinuliwa kwa jeki na mawe tangu jana. Nikachukua vyuma viwili vya Muze Kakule, nikasukuma taloni ndani, nikaingiza kidole cha shahada kati yake na rimu, nikakizungusha, nikakitoa. Kilikuwa chekundu hadi kwenye kifundo, kinang'aa, kama nimekitia kwenye sufuria sasa hivi. Nikakiinua.

"Haiko mama," nikasema. "Na haiko pneu. Ni mimi."

Hakuna aliyeelewa kidole kile kinasema nini, kwa hiyo ilibidi nieleze, na maelezo yalikuwa marefu kuliko ujasiri wangu. "Nilipakala mawese ku taloni. Mawese haikaukake. Kama mama anasukuma, jante inazunguuka ndani ya pneu, inakata valve. Yeye anaendesha muzuri. Alichora alama ju ya kuona ile. Jana alinionyesha, na mimi nikaifuta na kitambaa."

Papa Mumbere aliinuka kwenye jiwe lake. "Uliifuta?"

"Niliifuta, Président."

"Ju ya nini?"

"Ju ya kuona haya."

Mmoja wa wale wachuuzi, mama mnene mwenye sauti ya chini, akasema bila kupandisha sauti, "Samaki yangu iliozea ju ya haya yako."

Nilimwomba msamaha, na yeye akatazama kando, ambayo ilikuwa haki yake.

Papa Mumbere akazungumza na wenzake kidogo. Hawakuchukua muda. Alisema mama abaki kwenye kazi, na mimi nikusanye vyuma vyangu nirudi Butembo, watatafuta kwado mwingine. Nikaanza kuvikusanya. Nilikuwa nimeshika cha pili alipomgeukia Mama Masika, kwa heshima tu, nadhani, kwa kuwa jina lake ndilo lililochafuliwa.

"Mama, wewe unasema nini?"

Aliuweka mkono juu ya gurudumu lililoinuliwa.

"Président, kama munanitafutia kwado mwingine, na yeye atakuwa na mawese yake kwenye alificha, na mimi sitaijua. Ya huyu naijua." Akanitazama. "Mumuache. Lakini leo anaweka na sabuni, na mimi niko naangalia."

Watu wengine walicheka. Papa Mumbere hakucheka, lakini alikaa tena kwenye jiwe lake, na kwetu mtu mkubwa akikaa shauri limekwisha.

Nikatoa tairi lote. Nikasugua rimu kwa burashi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe, nikaosha taloni mara nne kwa maji ya moto na majivu, maana mawese hayaagi haraka. Mama Masika alikata kipande cha sabuni kwa kisu akakiyeyusha kwenye ndoo, akanipa. Nikapakala, kidogo tu, pale panapohitaji. Nikachoma valvu mpya kwenye mpira. Nikazungusha kamba kwenye meno ya tairi, nikaikaza kwa kijiti ili taloni itanuke ifikie rimu, nikavuta mpira mrefu wa upepo kutoka kwenye breki za lori lililokuwa linasubiri. Nikasimama pembeni. Tairi likasema mara moja. Nikangoja. Likasema mara ya pili, na sijui kama katika miaka yangu yote nimewahi kufurahia mlio kama ule.

Kazi hiyo ilichukua karibu asubuhi nzima. Alipokwisha kunipa ile ndoo, Mama Masika alikuwa amepanda kwenye kiti chake, trekta likiwa bado juu ya jeki na mawe, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani akakaa. Wale wanaume watatu walisimama chini yake wanamtazama, kisha wakaondoka mmoja mmoja, na yeye akabaki pale pale. Sheria mnaijua: mtu hakai juu ya mashine iliyoinuliwa. Nimewafukuza wengi kwa kosa hilo, wakiwemo wakubwa, na nyinyi mfukuzeni yeyote atakayejaribu. Asubuhi ile sikuwa na uso wa kumwambia ashuke.